Nimejipaka Mwenyewe

Juzi asubuhi, kati ya Zakhem na Mtongani, mama mmoja nisiyemjua alinishika goti akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usivumilie."

Nilidhani anazungumzia joto. Daladala ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, dirisha la upande wangu lilikuwa limegoma kufunguka tangu Rangi Tatu, na jasho lilishavuka nyusi likitafuta pa kuteremkia. Nikamjibu kwa heshima zote, "Tutafanyaje mama, ndiyo maisha yenyewe. Tumeshazoea."

Mama akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu ya mtu anayelijua jambo kwa undani, akanibana goti kwa nguvu zaidi. "Msizoee. Mimi nilizoea mpaka jino likatoka." Kisha akanisogelea sikioni. "Ni mume, au bado mnachumbiana?"

Hapo ndipo nilipochomoa simu, nikafungua kamera ya mbele, nikakutana na jicho langu la kushoto.

Nyumbani, chini ya taa ya chumbani, rangi ile ilikuwa divai. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye paleti, na kwenye kisahani chake ilikuwa divai kweli, nyekundu iliyokolea yenye zambarau kwa mbali, rangi ya mwanamke mwenye ofisi yenye kiyoyozi. Niliipaka kope za juu kwa brashi, nikaichanganya taratibu kwenye pembe ya jicho, nikatoka nikijiona. Kufika Zakhem divai ilikuwa imehama. Wekundu wote umezama kwenye ngozi na kupotea. Kilichobaki ni zambarau iliyochanganyika na kijivu, imetanda kutoka chini ya nyusi mpaka kwenye mfupa wa shavu, na unga uliodondoka umenaswa na jasho ukanichorea mfuko chini ya jicho. La kulia lilikuwa afadhali, kwa kuwa natumia mkono wa kulia na upande huo mkono unanitii. Kwenda upande wa kushoto lazima uvuke pua, na ukishavuka pua hunifanyia unavyotaka. Kwa hiyo nilikuwa na jicho moja lililopambwa na moja lililopigwa.

"Mama, hii nimejipaka mwenyewe," nikasema.

"Ndivyo tunavyosema wote," akanijibu, bila hata kunilaumu. "Mimi nilikuwa nasema nimejigonga na mlango wa kabati. Kabati lenyewe sikuwa nalo."

Binti wa kiti cha nyuma, mwenye begi la chuo, akapenyeza kichwa katikati yetu. "Samahani anti, nimesikia. Polisi siku hizi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Wewe nenda tu, wanasikiliza." Dada mwingine, aliyesimama na mtoto mgongoni, akauliza kama nimeshachukua PF3, ile fomu ya polisi, maana bila PF3 hospitali watanizungusha, na akaniusia nisinawe uso mpaka nipigwe picha. Konda alikuwa ananing'inia mlangoni akiita Mtongani. Akakatisha wito, akauliza nani kapigwa.

"Huyu anti hapa."

"Wa dirishani?"

"Huyo huyo."

"Jamani, ni aishedo!" nikapaza sauti. Daladala nzima ikanyamaza, na katika maisha yangu sijawahi kunyamaziwa kwa huruma kiasi kile. Kisha mzee mmoja wa mbele, mwenye baraghashia, akasema si vizuri kusikiliza upande mmoja, huenda na mimi nina mdomo. Alaa! Wanawake wote walimgeukia kwa pamoja, na wale waliokuwa wamesimama wakapata nguvu za kusimama wima. Tulipofika Kwa Azizi Ali mjadala haukunihitaji tena. Walikuwa wameingia kwenye mahari, kwenye pombe, kwenye mashemeji wanaokuja kusalimia na kukaa miezi, na kama mwanamume asiye na kazi ana haki ya kununa. Mimi, mpigwaji, nilinyoosha mkono kuomba nafasi, nikaambiwa nipumzike.

Dada mwenye mtoto akanipa waipsi. Nikafuta. Unga ukaniingia jichoni, jicho likaanza kumwaga machozi, na machozi kwa wakati ule hayakuwa na msaada wowote kwangu. "Lia, mwanangu, lia," mama akaniambia. Nikaikunjua waipsi, nikainyanyua juu abiria wote waone. Zambarau tupu, ushahidi ambao hata mahakama ingeupokea. "Mnaona? Inatoka! Jeraha halitoki!"

Mama akaitazama waipsi. Akanitazama mimi. Uso wake ukabadilika, nikajua nimeshinda.

"Maskini," akasema. "Kumbe ulikuwa umelifunika kwa mekapu."

Gari zima likaguna. Ndivyo wanavyofanya, akaeleza yule binti wa chuo, wanalifunika ili wafike kazini. Hata mzee wa baraghashia akanyamaza, akageuka kutazama nje.

Hakuna wakili wa kukutoa hapo. Nikikana, ndivyo wanavyokana wote. Nikilia, yamenifika. Nikifuta, nilikuwa naficha, na nikiliacha, si hilo hapo linaonekana. Wa kuniokoa angekuwa mume wangu tu, apande kituo kinachofuata na risiti ya vipodozi mkononi, na hata hivyo sina hakika kama angefika Bendera Tatu akiwa mzima.

Nikashuka Uhasibu, ambako si kituo changu. Mama alinisindikiza mpaka mlangoni akiwa amenishika kiwiko, akanitia kiganjani noti ya 2,000 iliyokunjwa ikawa ndogo kabisa, pamoja na namba ya simu aliyoiandika nyuma ya kadi ya vocha. Konda alikataa nauli. "Nenda tu anti, Mungu yupo." Jioni nilimpigia mama yule ili nimrudishie hela yake. Akasema niitumie kwenda kwa mjumbe.

Kazini nilieleza mara moja tu, kwa afisa utumishi, na jana nikakuta tangazo jipya kuhusu ukatili wa kijinsia limebandikwa ukutani, mkabala na meza yangu. Nyumbani mume wangu, Baba Imani, alicheka mpaka akakohoa, halafu akaacha kucheka ghafla. Daladala za njia ile na yeye hupanda.

Usiku wa juzi sikulala. Niliilaza paleti kitandani kifudifudi, nikayapiga picha maandishi ya mgongoni na kuyakuza, maana yameandikwa kwa herufi ambazo sisimizi angeomba miwani. Nilikuwa natafuta wa kumlaumu. Nilichokuta humo ni nyumba yangu.

Viungo vya vipodozi huorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, na rangi zenyewe huja mwisho kabisa, kwa namba zinazotanguliwa na herufi CI. Cha kwanza kwenye paleti yangu ni talki, lile jiwe laini lililosagwa miaka yote kuwa poda ya watoto. CI 77891 ni dioksidi ya titani, weupe uleule ulioko kwenye rangi ya ukuta wa sebuleni. CI 77491 ni oksidi nyekundu ya chuma, yaani kutu iliyosomeshwa, ambayo mafundi waliitia kwenye saruji kupata zile sakafu nyekundu tulizopigishwa deki utotoni. Ndugu yake wa njano ni 77492 na mweusi ni 77499. Wachanganye hao watatu, ongeza nyeupe, na unapata karibu kila kahawia inayouzwa kwenye paleti, iwe imebatizwa kahawa, karameli au mdalasini. Sikuwahi kujua kwamba mdalasini wangu na mlango wa geti uliopigwa rangi ya kuzuia kutu ni wa ukoo mmoja.

CI 77007 ndiyo iliyonikalisha kitako. Hiyo ni ultramarini. Zamani buluu hiyo ilisagwa kutoka kwenye mawe ya lapisi lazuli yaliyochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na wachoraji wa Ulaya waliiweka akiba kwa ajili ya vazi la Bikira Maria kwa jinsi ilivyokuwa ghali. Miaka ya 1820 Mfaransa mmoja, Jean-Baptiste Guimet, akapata njia ya kuipika kiwandani. Bei ikaporomoka kutoka mbinguni hadi kwenye karo, kwa kuwa ultramarini ya kiwandani ndiyo iliyokuja kuwa bluu ya kufulia, vile vidonge ambavyo bibi alivifunga kwenye kitambaa na kuvikoroga kwenye maji ya kusuuzia mashati ya shule. Kwa hiyo nilikuwa nimepanda daladala na sakafu, ukuta na beseni la kufulia juu ya jicho.

Halafu nikafika kwenye ulanga, CI 77019, na hasira ikanitoka kwa muda. Ulanga ni jiwe linalobanduka tabaka kwa tabaka. Wajerumani waliuchimba kwenye milima ya Uluguru enzi zao. Ukisagwa hutoa vipande bapa, vyembamba mno, vinavyolala vizuri juu ya kope. Kiwandani kila kipande huvikwa koti la ile titani nyeupe, na siri yote iko kwenye unene wa koti. Mwanga ukifika, sehemu yake hugonga juu ya koti na kurudi, sehemu hupenya na kurudi kutoka chini yake. Miale hiyo miwili inapokutana tena, baadhi ya rangi huongezana nguvu na nyingine huuana. Koti la nanometa 50 hivi, na nanometa moja ni milimita iliyokatwa vipande milioni, huonekana la fedha. Linenepeshe kidogo linakuwa la dhahabu. Endelea, linakuwa jekundu, kisha la buluu, kisha la kijani. Rangi yenyewe haimo! Titani ni nyeupe, ulanga hauna rangi ya kusema, na kijani unachokiona ni mwanga unaogombana wenyewe kwa wenyewe, sawa na yale mafuta ya dizeli yanayotanda juu ya dimbwi la stendi mvua ikikatika.

Nikainuka. Nikachukua kijani kinachong'aa kutoka kwenye paleti, nikakipaka kwenye karatasi nyeupe. Hakuna kitu, uchafu tu. Nikakipaka nyuma ya kiganja changu, kikawaka. Karatasi nyeupe hurudisha mwanga wote uliopenya, na mafuriko hayo huizamisha ile kijani kidogo. Ngozi nyeusi huumeza mwanga usiotakiwa, kijani ikabaki peke yake uwanjani. Kwa kung'aa, basi, mimi ndiye niliyeumbwa na kina fulani wanabahatisha. Baba Imani alifungua jicho moja, akaniona nimekaa gizani na tochi ya simu, nageuzageuza mkono na kutabasamu. Akalifunga.

(Nikiwa na tochi hiyohiyo nilisoma pia kwamba ulanga mwingi wa vipodozi umetoka majimbo ya Jharkhand na Bihar nchini India, ambako watoto wamekutwa wakiuokota na kuuchambua kwenye mashimo yasiyo na leseni. Nikaacha kutabasamu, nikanawa mkono.)

Rangi zisizong'aa hazina ujanja huo. Ni unga tu. Kila kitu kinategemea ni kiasi gani cha rangi kimetiwa na ni kiasi gani cha kujazia, na rangi ina gharama wakati cha kujazia ni cha bei ya chini. Sasa, cha kujazia ni cheupe. Juu ya kope nyeupe weupe huo hauonekani, unalainisha tu mambo, na mnunuzi wa huko anasema paleti ya bei hii imejitahidi. Juu ya kope yangu weupe huo ni majivu. Nyekundu ya kutu inakutana na ngozi ya kahawia, ndugu kwa ndugu, inapotelea humo. Kinachobaki juu ni majivu na bluu ya bibi, na jasho likishayakoroga hayo mawili unapata kitu ambacho mama yeyote wa Mbagala anakitambua kwa mbali. Fundi aliyeichanganya paleti ile hakukosea vipimo. Ni kwamba kwenye vipimo vyake mimi simo.

Na chini kabisa, mstari wa mwisho, imeandikwa kwamba baadhi ya rangi hizi hazikusudiwi kutumika eneo la macho. Nilirudia kusoma. Juu ya kifuniko kuna picha ya jicho, kubwa, lenye kope ndefu. Kumbe mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ina orodha yake ya rangi zinazoruhusiwa karibu na macho, na nyingi kati ya zile za waridi na zambarau zinazowaka hazimo. Baadhi ya watengenezaji wamepata dawa: wanaziweka kwenye paleti hivyohivyo, wanaziita unga wa rangi ulioshindiliwa, wanaandika onyo kwa nyuma, kila mtu anabaki na amani yake. Divai yangu ilikuwa mojawapo. Walitarajia niipake wapi, kiwiko?

Jana mchana nilikwenda Kariakoo, duka nililoinunua, na paleti kwenye mfuko wa kaki. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hoja, nilikuwa na namba za CI, nilikuwa hata na ile waipsi.

Kijana wa dukani alinisikiliza vizuri, akaichukua paleti, akapaka divai kwenye mkono wake, ikakubali. "Unaona anti? Mali haina tatizo." Akanitazama uso kwa utaalamu wa daktari wa zamu. "Ngozi yako ndiyo inayoikataa. Una rangi nzito. Ukishusha kidogo tu, wala si sana, hii itatokea yenyewe." Akainama chini ya kaunta, akaibuka na kikopo cheupe kisicho na lebo. "Wiki mbili. Tena wewe nakupa kwa bei ya jumla."

Nilicheka, maana ilichekesha. Nilikuwa nimekuja kubadilishiwa paleti, nikashauriwa nibadilishwe mimi.

Kisha kicheko kikanikauka, na mpaka sasa hakijarudi. Mkorogo wa namna ile ndimo zinamofichwa zebaki na haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku nchini kwenye vipodozi, na kila mtu Kariakoo anajua viko chini ya kaunta ipi. Lakini kilichoniuma ni jinsi kijana yule alivyosema bila ubaya wowote. Aliamini. Nilipomwangalia mikono nikaona kwa nini divai ilimkubali: vidole vya njano, na vifundo vya vidole vyeusi tii, kwa kuwa vifundo huwa vinagoma. Ana miaka ishirini na kidogo. Alikuwa ananiuzia kile alichojiuzia mwenyewe.

Kwa nini kila kitu cha bei yetu kinatukuta tumeshakuwa kosa? Poda ya elfu tano inatupausha, foundesheni ya elfu saba inatufanya tuonekane tumeangukia unga wa ngano, kisha anayelaumiwa ni uso. Hakuna aliyewahi kumwambia mzungu kwamba aikoleze ngozi yake ili paleti itokee.

Na wala si kwamba kampuni za vipodozi hazikuambiwa. Biashara ya vipodozi vya macho vya bei nafuu ilianzia kwenye mkosi wa jikoni kabisa, jambo linalonifariji. Inasimuliwa kwamba mwaka 1915, huko Chicago, binti aitwaye Mabel aliunguza kope zake kwa moto wa jiko, akajitengenezea dawa ya kuficha kwa kuchanganya vaselini na masizi. Kaka yake, Tom Lyle Williams, akaona pesa pale ambapo kaka wengine wangeona dada asiye na kope, na hiyo ndiyo ikawa kampuni ya Maybelline, ambayo baadaye iliuza vikopo vya senti 10 ili kila karani aweze kununua. Vizuri. Chicago hiyohiyo, Eunice Johnson, aliyeendesha maonyesho ya mavazi ya Ebony Fashion Fair, aliwaona wanamitindo wake weusi wakichanganya foundesheni wenyewe kwa sababu hakuna iliyolingana nao. Akaziendea kampuni za vipodozi. Zikakataa. Mwaka 1973 yeye na mumewe wakaanzisha ya kwao, Fashion Fair. Miaka zaidi ya 40 ikapita, Rihanna akatoa foundesheni ya Fenty Beauty ya rangi 40 mwaka 2017, na dunia ikashangaa kana kwamba watu weusi wenye nyuso wamegunduliwa wiki hiyo.

Paleti zinazotuhesabu zipo. Mnigeria Chichi Eburu ameanzisha huko Marekani Juvia's Place, paleti zenye picha za malkia wa Kiafrika na rangi iliyotiwa kwa mkono usio na uchoyo, na kwa bei ya huko si ghali. Nimeziona. Zikishasafiri ndani ya sanduku la mtu, zikalipiwa hiki na kile mpaka zifike Dar, bei yake unapata gunia la mkaa. Kati ya jicho na jiko, nyumba yangu huwa inachagua jiko.

Kijana hakunibadilishia. Alinipa brashi ya bure.

Nisiseme mikasa ni hiyo tu. Paleti iliyotangulia ilidondoka bafuni ikawa vumbi. Nikaiponya kwa spiriti na kuishindilia kwa sarafu ya 200, na sasa kahawia yangu ina simba. Nyingine ilifanya utando mgumu kwa ajili ya mafuta ya vidole, nikaambiwa nibandue kwa selotepu, selotepu ikaondoka na kila kitu mpaka kibati. Kimetameta kilihamia kwenye kanzu ya Baba Imani siku ya Ijumaa, na hataki kulizungumzia. Kwenye send-off ya wifi, kope yangu ya bandia ilidondokea kwenye supu ya shemeji. Aliitoa kwa kijiko akasema ni mdudu, nami nikakubaliana naye.

Usiku wa juzi, nilipomaliza kusoma, nilikuwa nimeitupa ile divai pamoja na paleti nzima kwenye ndoo ya taka, ndiyo maana jana ilinibidi niichambue kwenye maganda ya ndizi kabla ya kwenda nayo Kariakoo. Nilipoirudisha nikaiacha mezani. Imani alikuwa amepewa kazi ya shule, kuchora bendera ya taifa kwenye manila, na penseli zake za rangi zilikuwa zimekwisha. Hakuuliza mtu. Alichukua ile brashi ya bure.

Nilikuta ameshamaliza. Kijani, ile isiyong'aa, ni kijani, bluu ni bluu, nyeusi imekolea mpaka inatisha, na mistari miwili ya dhahabu aliyoichukua kwenye kisahani ambacho juu ya kope yangu hutoa rangi ya haradali iliyochacha. Kwenye manila nyeupe kila rangi ilikuwa imetoka vilevile ilivyo kwenye paleti. Pembeni alikuwa amejiongezea mlima Kilimanjaro wa divai.

Leo amerudi na 10 kwa 10. Mwalimu ameniandikia kwenye daftari, kwa wino mwekundu, akiuliza rangi hizo nimezinunua duka gani, maana za watoto wengine zimepauka. Nimemwelekeza, na nimemwandikia aombe na brashi.